Matundu ya Mkwe

Baba mkwe alikataa kuegemea mto. Alikaa wima kitandani, mguu wa plasta umenyooka mbele yake kama wa mtu mwingine, akaomba aletewe ile diski ya breki.

Mama mkwe akaileta kwenye kitambaa. Ufa ulikuwa umetoka tundu hadi tundu, ukafika ukingoni. Mzee aliitoboa mwenyewe hapo uani, ili breki zipoe upesi kama za mkwe wake. Mteremko wa kwanza tu ikaachia, gari likagonga ukuta wa nyumba ya watu.

"Maisha yangu yote nachonga chuma," alisema. "Leo nimeshindwa na kitu cha hivi."

Mkwe alikuwa kwenye kigoda, macho sakafuni. Zamani nyumba hii ilimwita Mikono Laini, maana kazi yake ni ya kalamu, na taa ikiungua mkewe ndiye hupanda kiti. Mpaka alipokuja na gari lenye diski za matundu. Mzee alipiga magoti vumbini, akapitisha kidole tundu baada ya tundu, akauliza fundi ni nani. Mkwe akajibu ni yeye, nyumbani kwake. Siku hiyo hiyo lile jina likafa.

Sasa mzee alitaka kujua siri. Je, alianzia nje akaja ndani, au ndani akaenda nje? Mkwe akasema ni kwenda pole pole tu.

"Pole pole kweli. Mkeo anasema hata kelele hakusikia."

Binti akacheka, akasema yeye alidhani bwana amejifungia stoo kulala. Mumewe hakucheka.

Mama mkwe akashauri safari hii wanunue za dukani, zilizokwisha kutobolewa, kama watu wengine. Mzee akamtazama kama aliyetukanwa. Kisha sauti ikamshuka. Za dukani ni za wasio na mikono, akasema, na sasa asiye na mikono ni yeye.

Akaomba drili yake itolewe chini ya kitanda. Akaifuta kwa ncha ya shuka, taratibu, kila pembe.

"Ichukue, mwanangu. Mimi basi tena. Ikae kwa fundi."

"Baba, mimi..."

"Usinionee huruma."

Mkwe akaipokea kwa mikono miwili. Wote wakaona machozi yanavyomlenga, na mama mkwe akamnong'oneza binti yake kwamba Mungu amempa mume mwenye adabu.

Alipofika kwake aliingia stoo, akafunga mlango, akatafuta pa kuiweka ile drili. Mwisho akaiweka juu ya maboksi mawili matupu, yale ambayo diski zake zilikuja nayo kutoka dukani, zikiwa na matundu yake tayari.