Vivuko vya Tamima

Kila mtu huzaliwa na vivuko kumi vya bahari, yaani kuvuka mara kumi tu maishani, na treni ya chini ya maji inahesabiwa kama meli. Ndiyo maana safari ya Marseille, kumwona dada yangu aliyejifungua, niliipanga wiki nzima jikoni kwetu Leicester: treni ya London, ya Lille, kisha ya kusini. Hata maandazi ya njiani nilishayapigia hesabu.

Simu ikakataa kumkatia mama yangu tiketi ya kurudi. Alikuwa amebakiwa na kivuko kimoja tu.

"Nikatie ya kwenda," alisema, huku akikunja kanga. Ndipo nikaona amezikunja zote.

"Utarudi vipi?"

"Nimekwambia narudi?"

Binti yangu Tamima, wa miaka minane, akaninyang'anya simu na kubonyeza kwa kidole gumba penye maneno "Zawadi ya kivuko" kabla sijamzuia.

"Bibi atarudi," alisema.

Mama alilia, kisha akacheka, akaanza kupunguza kanga begini.

Tamima alikuwa akihesabu vidole: kimoja cha Bibi, kimoja cha kwenda, kimoja cha kurudi.

"Nimebakiwa na saba," aliniambia kwa furaha. "Vingi hivyo, eti?"