Maganda Kumi na Mawili

Bernardo alishuka kwenye lori lililotoka Segera akiwa amebeba maganda ya mayai. Matupu, kumi na mawili, aliyoyaomba kwa muuza chai wa njia panda na kuyafunga kwenye leso yasizidi kupondeka. Alipofika nyumbani alitazama kulia na kushoto, kisha akayamwaga mlangoni pa jiko, mahali ambapo kila mgeni angepita.

“Mzee Bernardo, siku hizi unapanda maganda?”

Alikuwa Efrazia, jirani yake, tumbo la miezi saba likimtangulia. Alikuja kusaidia kazi, kwa kuwa mke wa Bernardo alikuwa ameenda sokoni Korogwe na binti yao, Agripina, kwa shangazi aliyemwandaa kuwa bibi harusi. Harusi ilikuwa kesho.

“Funga mlango,” Bernardo alisema. “Na mdomo.”

Kuku hawakuwapo kijijini mwaka ule. Walihamishwa pamoja na watu kuja kijiji cha ujamaa, wakafa kwa ugonjwa wa kideri hata kabla nyumba mpya hazijaezekwa. Maziwa nayo yaliondoka na Wamasai, ukame ulipowafukuza. Hayo yote yasingemsumbua Bernardo kama angejua kunyamaza. Lakini siku ya mahari, wakwe kutoka Mpale walipomwita mtu wa mkonge, alijipiga kifua. Yeye hakukata mkonge, alisema. Alikuwa mpishi wa meneja, na harusini watakula keki ya chokoleti ya mayai kumi na mawili, ile ya mezani kwa wazungu.

Ya mezani kwa wazungu hakuwahi kuigusa. Mke wa meneja aliipika mwenyewe. Aliyomfundisha Bernardo ilikuwa keki ya vibarua, ya kugawa Krismasi, ya bei rahisi, isiyo na yai wala maziwa. Hilo hakulisema kwa mtu, hata kwa mkewe.

Akapima unga wa ngano vikombe vitatu, na sukari ya mgao iliyokusanywa miezi miwili. Akatia kakao kutoka kwenye kopo la zamani, chumvi kidogo, magadi kijiko kimoja. Akamimina mafuta na maji, na mwisho akakamua malimau mawili. Rojo likatoa povu, likavimba.

“Kuna yai humo?” Efrazia aliuliza, kidole tayari hewani.

“Hata moja.”

“Kweli?”

“Ningekuwa nalo ningehangaika na maganda ya Segera?”

“Basi nirambe. Mimi na hali hii yai siligusi, hata unishikie bunduki. Nije nizae kipara, watu waseme nimezaa na padri Mjerumani?” Akaramba mwiko mpaka ukawa mweupe.

Bernardo hakucheka. Aliweka sufuria juu ya makaa, akatandaza makaa mengine juu ya mfuniko, akakaa kuyalinda huku uso ukimuwaka. Mtu mzima wa miaka hamsini, anaomba takataka ili aonekane mtu.

Keki iliiva vizuri. Ilikuwa nyeusi, laini, ikinukia hadi barabarani.

Kesho yake, baada ya kanisa, watu walijaa uani. Bwana harusi, Eliasi, alikuwa amerudi asubuhi hiyohiyo kutoka Jeshi la Kujenga Taifa baada ya mwaka mzima, na kichwa chake kilikuwa bado kimenyolewa. Agripina alipita mlangoni pa jiko, akasimama kidogo kuyatazama maganda, kisha akaenda kuketi kando ya mumewe. Nyuma yake akapita Bibi Rosina, nyanya yake Eliasi, akayahesabu kwa fimbo.

“Kumi na mawili kamili,” akatangaza. “Mkwe, nakuomba radhi. Kumbe hata kwenye mkonge hutoka watu.”

Wageni wakacheka. Bernardo akainamisha kichwa, akajifanya ni unyenyekevu.

Eliasi akakata keki. Akachukua kipande, akakipeleka mdomoni kwa mkewe kama walivyoelekezwa. Agripina akageuza uso.

“Kula, mke wangu.”

“Wageni wale kwanza.”

“Bibi harusi ndiye huanza,” Bibi Rosina alisema. “Kula, mwanangu, baba yako ameumia kwa ajili yako.”

Agripina akatazama chini. “Mimi sili mayai.”

Bernardo alihisi kama amezabwa kofi. Mtoto wake mwenyewe anaikataa keki yake mbele ya wakwe!

“Tangu lini?” akafoka. “Pasaka ya mwaka jana si ulikula matatu, ukamnyang’anya na mama yako?”

Agripina akausogeza mkono wa mumewe pembeni. Efrazia, aliyekuwa akigawa sahani, akasimama palepale. Wanawake wa Mpale wakatazamana, na Bernardo akajua kwa nini. Wamekwisha kumgundua. Binti ameionja aibu ya baba yake kwa macho, hataki kuitia mdomoni. Afadhali aseme mwenyewe kuliko kusemwa.

“Jamani, nimewadanganya!” akapaza sauti. “Maganda nimeyaomba Segera. Hii ni keki ya vibarua. Haki ya Mungu, haina yai hata moja!”

Hakuna aliyemcheka. Hakuna hata aliyemtazama.

“Kweli, baba?” Agripina aliuliza.

“Kweli, mwanangu. Hata moja.”

Agripina akashusha pumzi, akakichukua kipande mkononi mwa mumewe, akakila chote.

Bibi Rosina akaweka fimbo chini taratibu.

“Eliasi,” akasema, “hebu nikumbushe, mjukuu wangu. Jeshini umerudi lini?”