Mkono Usioshuka

Kipande cha thelathini na moja nacho kikakataliwa.

Shemeji alikitegea sikio, akakunja uso, akakibandika karatasi nyekundu na kukiweka rafuni pamoja na wenzake thelathini.

"Kinapiga mluzi," akasema.

Mama Vinanda, kama mtaa ulivyomwita, aliweka chini chuma chake cha kulehemu. Yeye na marehemu mumewe waliianzisha karakana hii katika chumba cha mbele cha nyumba yao, huu mwaka wa ishirini na sita. Vinanda vyao si vile vya kubonyeza. Ni vipande vya umeme, kila kimoja ukubwa wa kitabu: hiki huzaa sauti, kile huipunguza makali, kingine huitikisa, na mpigaji huviunganisha kwa nyaya apendavyo. Mume alichora, mke alilehemu, na mdogo wa mume, huyu shemeji, alisikiliza kila kipande kabla hakijatoka mlangoni. Kazi ya watu watatu. Sasa walibaki wawili.

Tangu mazishi, miezi minane, mama huyu hajalia. Watu walimsifu kwa kujikaza. Mwenyewe aliona si kujikaza. Ni kama mguu uliokufa ganzi: unaufinya, unaona umeufinya, basi.

"Ni hizi transfoma mpya, shemeji. Za zamani hazikuwa hivi."

"Za zamani hazitengenezwi tena. Unataka nizifinyange kwa udongo?"

Duka moja la ng'ambo lilikuwa limeagiza vipande hivyo thelathini na moja. Vikifika wiki hii, litaagiza kila mwezi. Visipofika, litatafuta fundi mwingine, na karakana haina mteja wa pili wa kuishikilia. Gari la vifurushi lingepita saa kumi leo.

Asimwonee mtu, Mama Vinanda alimwita fundi saa wa jirani, mzee mwenziwe, ambaye huujua ugonjwa wa saa kwa kuiweka sikioni tu. Mzee aliinamia spika muda mrefu.

"Huu si mluzi, mama. Huu ni ukimya mtupu. Kijana wako ana lake."

"Na juzi alisema amemsikia kaka yake akikohoa uani."

"Basi ni msiba huo. Msiba humwingia kila mtu kwa mlango wake. Mwingine tumboni, mwingine masikioni." Akajikuna shingo. "Hebu ona, nimeumwa tena."

"Mbu wa siku hizi nao," akasema Mama Vinanda, naye akijikuna. "Wanauma bila hodi."

"Adabu imekwisha duniani."

Mzee alipoondoka, Mama Vinanda alimkalisha shemeji kwenye kigoda, mgongo umeelekea kinanda. Aliwasha kinanda cha zamani, kile cha kwanza kabisa, ambacho hakuna aliyewahi kukilalamikia.

"Ukisikia sauti, inua mkono. Ikikatika, shusha. Usigeuke."

"Shemeji, tumefika huko?"

"Tumefika."

Alianza chini, sauti nzito kama ng'ombe anayenguruma. Mkono ukapanda. Akazungusha kitufe taratibu. Sauti ikawa ya nyuki, ikawa ya filimbi, ikakonda kama uzi, ikakonda kama unywele. Kila fundi wa kazi hii anajua kwamba ukiipandisha mno, sauti huvuka mpaka wa sikio la mtu, ikabaki ya mbwa na popo. Kitufe kilipofika mwisho, ilikuwa imeshapotea.

Mkono wa shemeji ulikuwa bado juu.

Mama Vinanda aliondoa vidole kwenye kitufe, akakunja mikono kifuani, akangoja. Alihesabu mpaka mia.

"Bado?"

"Bado."

Akahesabu mia nyingine. Shati la shemeji lilikuwa limeloa mgongoni.

"Na sasa?"

"Bado, shemeji. Inachoma."

"Shusha mkono," akamwambia. "Nenda kwa dada yako ukapumzike. Utarudi ukipona."

Shemeji aligeuka. "Unanifukuza?"

"Nakupumzisha."

"Lakini si inalia!"

"Najua, baba. Najua," akajibu, kama anavyojibiwa mtu mwenye homa.

Shemeji alimtazama machoni kwa muda mrefu. Kisha akachukua koti lake msumarini na kusema kwa upole, "Haya, shemeji. Mungu akutunze." Akaurudisha mlango polepole nyuma yake.

Miaka ishirini na sita. Mama Vinanda alijisikiliza kama kuna kitakachomuuma. Hakikuuma kitu. Akabandua karatasi nyekundu moja moja, akavifunga vipande vyote katika maboksi, akaandika anwani kwa herufi kubwa, akayapanga barazani na kuufunga mlango. Kisha akaketi kwenye kigoda kilichoachwa, mikono mapajani, kinanda cha zamani kikiwa bado kimewaka nyuma yake.

Gari lilifika saa kumi kamili. Kupitia dirishani alimwona binti wa vifurushi akibeba, akirudi, akibeba tena, mpaka boksi la mwisho likaingia na milango ya gari ikafungwa. Baada ya hapo binti akabisha, akaingia na karatasi yake ya sahihi.

Hatua mbili tu, akasimama. Karatasi ikamdondoka. Akaziba masikio yake mawili kwa viganja.

"Mama, tafadhali, zima hiyo kitu! Unawezaje kukaa humu?"

Mama Vinanda aliangaza macho huku na huku, katika chumba ambacho kwake kilikuwa kimya kabisa.