Ndara Zilizoelekea Ndani

Mpelelezi Hirano alivua viatu mlangoni pa nyumba ya wageni, kidole gumba kikichungulia kwenye soksi.

"Usikiangalie, mama. Hiki ndicho kinachonisaidia kupeleleza."

Bi Otsune, mwenye nyumba, alijaribu kucheka, ikashindikana. Alfajiri mgeni wao tajiri alikutwa bustanini amekufa, kisu cha jikoni pembeni yake. Sasa mpishi Kisuke ameketi jikoni na pingu mikononi.

"Wengine walikuwa wamelala?"

"Wote. Kila usiku nikishafunga mlango nageuza viatu vya watu, vielekee nje, ili asubuhi mtu avae tu aende zake. Jana niligeuza vyote."

"Kisuke alivaa nini miguuni?"

"Yeye analala huko jikoni, viatu vyake viko huko."

Hirano alitazama mstari wa viatu. "Basi mbona jozi hii imeelekea ndani?"

Bi Otsune akapiga magoti, akatazama. Zilikuwa ndara zenye kamba za bluu, zimejaa tope. Kamba zile alizishona mwenyewe; ndara zilikuwa za mwanawe Yasuo, aliyeapa kwamba alilala kabla ya watu wote. Mkono wake ukaenda wenyewe kuzigeuza, kama ulivyozoea.

"Hizo ziache kwanza, mama," Hirano alisema taratibu. "Za nani?"

"Mama, chai bado?" Yasuo aliita kutoka ghorofani.

Jikoni Kisuke alikohoa, pingu zikagongana.

Bi Otsune akaurudisha mkono, akauweka mapajani. Ndara zikabaki vilevile, zimeelekea ngazini.