Skrubu za Dirisha la Shemeji

Mafundi wa lipu walikuwa wanakoroga saruji kaka mtu alipomkabidhi mdogo wake, fundi madirisha, skrubu nne ndefu.

"La chumbani kwetu likaze moja kwa moja, lisifunguke tena. Mvua inaingia."

Fundi alijua mvua hupenya pembeni mwa fremu, na huko alishajaza silikoni pande zote. Lakini kaka ndiye aliyemlea, na amri yake haikuwahi kuwa na rufaa.

Akainua bisibisi. Ndani, shemeji yake alisimama karibu mno hata pumzi zake zikaweka ukungu kwenye kioo. Tangu asubuhi mlango wa chumba hicho ulikuwa umefungwa kwa nje.

"Hata hili dirisha, shemeji?" mwanamke aliuliza kwa sauti ya chini.

Kaka alikuwa nyuma ya fundi hatua tano, mikono kiunoni.

Fundi akainama kwenye boksi la vifaa, akaziacha humo zile skrubu ndefu, akachukua nne fupi zisizofika kwenye fremu. Akazikaza moja moja, akitoa jasho.

"Tayari?"

"Tayari, kaka. Halitikisiki."

Akajifanya anafuta silikoni iliyochuruzika, uso wake ukigusa kioo. Midomo ikacheza bila sauti: "Sukuma kwa bega."

Kando yake, mwiko wa kwanza wa lipu ukapiga ukuta.