Kahawa ya Langoni

"Mzee Jadallah yuko wapi leo?" askari aliuliza, akikigeuzageuza kibali chetu.

"Ana mafua. Kesho atakuja," nikasema.

Baba tulikuwa tumemzika jana alasiri. Lakini kibali cha kuvuka uzio wa jeshi kwenda shambani kwetu kina jina lake. Mimi nimeandikwa msaidizi tu. Wakijua amekufa, lango linafungwa kwetu, na nusu ya zeituni bado ziko mitini.

Nyuma yangu, wanaume waliolibeba jeneza lake walitazama viatu vyao.

"Mzee anadeka," askari akacheka. "Haya, lete kahawa."

Misimu sita amekuwa akijimiminia kwenye themosi yetu bila kuomba. Baba alizoea kumwambia, "Kunywa, labda utapata adabu."

Askari akapiga funda moja, akaacha. Machicha meusi yalimganda kwenye mdomo wa juu.

Hapo ndipo nilipoikumbuka mikono ya mama alfajiri, jinsi ilivyolipita kopo la sukari. Nyumba yenye msiba hainywi kahawa tamu, na mama hakulifikiria lango.

"Chungu," askari akasema taratibu. Miaka sita hapa. Mila zetu anazijua.

"Mama kasahau sukari. Uzee, bwana."

Askari akamnyooshea mkono jirani aliyesimama nyuma yangu, akaichukua themosi yake, akaanza kufungua kifuniko.

Mtaani kwetu, asubuhi ile, hakuna nyumba hata moja iliyotia sukari.