Honi ya Kuminya

Saa nne asubuhi gari la kale lililong'arishwa liliegeshwa uwanjani. Bi Mashavu alilitambua kwa honi yake ya kuminya, iliyopinda. Wakati wa vita lilikwama shambani kwao bila petroli, na sungura wakahamia chini yake. Yeye aliminya honi, kaka yake Nasibu alitandaza koti nyuma ya magurudumu kuwanasa wakikurupuka, na nyumba nzima ilikula.

Sasa Nasibu, aliyesimama kando yake, kumbukumbu zimempotea, hakumjua tena hata dada yake.

“Niruhusu niminye honi mara moja tu, mwanangu,” Bi Mashavu alimwomba mwenye gari. “Hili lilitulisha sungura.”

“Gari, bibi?”

“Gari.”

Honi ililia. Nasibu alivua koti, akachuchumaa nyuma ya magurudumu.

“We Mashavu, minya tena. Wamegoma kutoka.”

Aliminya. Mwenye gari naye aliinama, akachungulia.